Stahiki na Mzigo: Uhakiki wa Viratibu vya Mifumo Endeshi Mbele ya Programu Zenye Nyuzi Nyingi

Utangulizi

Uhakiki huu unachunguza namna viratibu vya mifumo endeshi vinavyozihudumia programu zenye nyuzi nyingi. Kiratibu ni sehemu ya kerneli inayoamua, mara nyingi sana katika kila sekunde, uzi upi ushike kiini kipi cha kichakataji na ukishike kwa muda gani. Uzi ni mfuatano mmoja wa utendaji ndani ya programu. Programu moja yaweza kuwa na uzi mmoja tu, na nyingine ikawa na nyuzi mia nne zinazotumia kumbukumbu ileile. Mkazo umewekwa kwenye kerneli ya Linux tangu mwaka 2007, kwa kuwa ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva na simu tunazozitumia, na kwa kuwa msimbo wake pamoja na mijadala ya waliouandika viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma.

Mada haikuchaguliwa kwa sababu za kinadharia peke yake. Mtafiti aliwahi kuwa miongoni mwa wasimamizi wa seva ya taasisi moja ya elimu, seva ambayo wanafunzi waliitumia kusajili masomo. Kila muhula ulipofunguliwa mfumo ulikwama. Grafu zilionyesha kwamba viini vya kichakataji vilikuwa na nafasi ya kutosha, ilhali foleni ya maombi ilizidi kurefuka. Uamuzi ukawa kununua mashine yenye viini vingi zaidi. Fedha zikatoka, mashine ikaja, na mfumo ukakwama kuliko mwanzo. Wakati ule hakuna kati yetu aliyeweza kueleza sababu. Maelezo yapo, na yatajitokeza katika sehemu ya vikomo. Lakini ili kuyafikia ilitubidi tusome maandiko ambayo, kila moja kwa namna yake, yanazungumza kana kwamba jambo hili limekwisha kutatuliwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba matatizo mengi yanayoelezwa na wataalamu kuwa ni makosa ya uandishi wa msimbo yana chimbuko moja la kidhana. Namba ileile imetumiwa kujibu maswali mawili yasiyofanana: uzi unastahili kupata nini, na uzi unakibebesha kiini mzigo kiasi gani. Swali la kwanza ni la stahiki, la pili ni la mzigo. Pale programu ilipokuwa na uzi mmoja, kuchanganya maswali haya hakukuleta madhara yanayoonekana. Madhara yalikuja na wingi wa nyuzi.

Haki iliyo usawa

Kiratibu cha CFS kiliandikwa na Ingo Molnar na kuingia katika toleo 2.6.23 la kerneli mwezi Oktoba 2007, kikichukua nafasi ya kiratibu alichokuwa amekiandika yeye mwenyewe miaka michache kabla. Jina lake linatangaza haki kamili. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza: kila uzi una saa yake ya kufikirika inayohesabu muda ambao umetumia kiini, ikirekebishwa kwa uzito wa kipaumbele chake, nyuzi zote zinazosubiri hupangwa katika mti kwa kufuata saa hizo, na kiini hupewa ule ambao saa yake iko nyuma kuliko zote. Anayedaiwa muda mrefu zaidi ndiye anayelipwa kwanza.

Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo jina hilo linalifunika. Sisi tuna neno haki na tuna neno usawa, na hakuna mzee wa baraza atakayekubali kwamba ni kitu kimoja. Usawa ni kugawa vipande vilivyo sawa. Haki ni kumpa mtu kinachomstahili, na kabla ya kugawa lazima kwanza tujue anayegawiwa ni nani: mtu mmoja mmoja, kaya, au ukoo. CFS inagawa usawa, na inaugawa kwa uzi. Tuchukue kiini kimoja chenye programu mbili, moja ya uzi mmoja na nyingine ya nyuzi tisini na tisa, zote zikiwa na kipaumbele kimoja na zote zikitaka kufanya kazi bila kupumzika. Programu ya kwanza itapata asilimia moja ya muda, na ya pili tisini na tisa. Wengi wape, usipowapa watajipatia. Hapa hawakuhitaji hata kujipatia. Mtayarishaji wa programu anayetaka kupata sehemu kubwa ya mashine anachohitaji ni kuongeza nyuzi tu, na kerneli itamtunza kwa kufanya hivyo.

Si kwamba waandishi wa CFS hawakuliona hili. Uwezo wa kugawa muda kwa makundi badala ya nyuzi uliongezwa katika toleo lililofuata. Lakini uwezo huo ulisubiri msimamizi aunde makundi hayo, na katika kompyuta za kawaida hakuna aliyeyaunda.

Upande wa ucheleweshaji umehakikiwa kidogo zaidi katika maandiko, ingawa ndio unaomgusa mtumiaji. CFS ilijiwekea muda lengwa ambamo kila uzi ungepata zamu walau mara moja, na kima cha chini cha zamu ili kiini kisimalize muda wake katika kubadilisha nyuzi. Kwa muda mrefu viwango vya msingi vilikuwa milisekunde 6 na milisekunde 0.75, vyote viwili vikizidishwa kadiri viini vinavyoongezeka hadi kufikia mara nne kwa mashine ya viini nane au zaidi. Uwiano wake ni nane. Maana yake ni kwamba nyuzi zikizidi nane katika kiini kimoja, ahadi ya muda lengwa inavunjika na mzunguko unaanza kurefuka kwa kila uzi unaoongezwa. Katika mashine ya viini nane, ambako kima cha chini ni milisekunde 3, nyuzi mia moja zilizorundikana katika kiini kimoja hufanya mzunguko wa milisekunde 300. Usawa bado upo, na kila mmoja anapata sehemu yake. Ila anaipata baada ya theluthi moja ya sekunde, na kama ni uzi wa kucheza sauti, msikilizaji ameshasikia mkatiko.

Huu ndio upungufu uliomsukuma Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyeiandikia kerneli msimbo kama mtu wa nje, kutoa kiratibu chake cha BFS mwaka 2009. Kilikuwa na foleni moja kwa viini vyote na kilikusudiwa kompyuta ndogo za watu wa kawaida. Hakikuingizwa katika kerneli rasmi, na foleni moja haiwezi kuhimili viini vingi vinavyoigombea. Hata hivyo mtafiti anaona kwamba swali la Kolivas, yaani mashine inapangwa kwa ajili ya nani, lilikuwa sahihi kuliko majibu aliyopewa.

Makundi ya moja kwa moja

Mwaka 2010 Mike Galbraith alipendekeza rekebisho la mistari mia mbili na ushei ambalo liliingia katika toleo 2.6.38, mwezi Machi 2011. Kerneli sasa ingeunda makundi yenyewe: michakato yote inayotokana na kikao kimoja cha terminali ingehesabiwa kuwa kundi moja, na muda ungegawanywa kwanza kati ya makundi, kisha kati ya nyuzi ndani ya kundi. Mfano uliotolewa ulikuwa wa mtu anayejenga kerneli kwa michakato 64 huku akitazama video. Kabla ya rekebisho, video ilikuwa mmoja kati ya sitini na watano. Baada yake, ikawa mmoja kati ya wawili.

Kwa kipimo cha haki tulichokieleza, hii ni hatua kubwa. Anayegawiwa amebadilika kutoka mtu mmoja hadi kaya. Lakini kaya yenyewe imetambuliwa kwa kigezo cha bahati: kikao cha terminali. Programu mbili zisizohusiana zilizoanzishwa katika terminali moja ni ndugu, na programu moja iliyosambaa katika vikao viwili ni familia mbili. Tena, kipaumbele ambacho mtumiaji anajiwekea kwa amri ya kawaida sasa kinafanya kazi ndani ya kundi lake tu, jambo ambalo kitabu cha maelezo cha Linux kinalikiri lakini watumiaji wengi hawalijui. Mtu anaishushia kipaumbele kazi yake nzito akidhani anawaachia wengine nafasi, kumbe amewaachia ndugu zake wa terminali ileile, ambao mara nyingi hawapo.

Madhara makubwa zaidi yalijificha mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, nayo yanahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Wastani unaoficha viini vitupu

Mwaka 2016, katika mkutano wa EuroSys, Lozi na wenzake (miongoni mwao Lepers, Quéma na Fedorova) walitoa makala iliyodai kwamba kwa muda wa takriban mwongo mmoja kiratibu cha Linux kilikuwa kikiacha viini bila kazi wakati nyuzi zilizo tayari zinasubiri katika foleni za viini vingine. Si kwa milisekunde chache. Kwa sekunde nzima. Wanaifungua makala kwa kumkumbusha msomaji kwamba mwaka 2001 Linus Torvalds aliona kazi ya kuratibu kuwa ni rahisi. Kejeli hiyo inafaa, ingawa ni nyepesi kidogo: mwaka 2001 mashine za viini 64 hazikuwa juu ya meza za watu.

Kati ya makosa manne wanayoyaeleza, lile wanaloliita kutolingana kwa makundi ndilo linalohusu hoja yetu. Mashine yao ilikuwa na viini 64 vilivyogawanyika katika nodi nane za kumbukumbu, kila nodi viini vinane. Waliendesha ujenzi wa kerneli kwa nyuzi 64 katika terminali moja, na programu mbili za lugha ya takwimu R, kila moja ikiwa na uzi mmoja, katika terminali nyingine mbili. Jumla ni nyuzi 66 katika viini 64. Mtu angetarajia hakuna kiini kitakachokaa bure. Lakini katika nodi mbili zilizokuwa na nyuzi za R, viini vingi vilikaa bure.

Hesabu yake inaweza kufanywa kwa mkono. Uzito wa kawaida katika CFS ni 1024. Kwa kuwa makundi sasa ndiyo yanayogawiwa, uzi pekee wa R unabeba uzito wote wa kundi lake, yaani 1024, na kila uzi wa ujenzi unabeba 1024 gawa kwa 64, yaani 16. Tuseme nyuzi zote za ujenzi zimekaa katika nodi sita zilizobaki, ambazo zina viini 48. Wastani wa mzigo kwa kila kiini huko ni 1024 gawa kwa 48, kama 21. Katika nodi yenye uzi mmoja wa R, kiini kimoja kina 1024 na saba vina sifuri. Wastani ni 128. Sasa kiini kimojawapo kati ya hivyo saba vitupu kinaamka na kuuliza: je, kuna nodi yenye mzigo kuzidi yetu nikachukue kazi? Kinalinganisha wastani na wastani, 128 dhidi ya 21, na kujijibu kwamba nodi yake ndiyo iliyolemewa. Kinarudi kulala.

Waandishi walirekebisha kwa kulinganisha mzigo mdogo kabisa katika kila nodi badala ya wastani. Nodi ya R ina kiini chenye sifuri, nodi za ujenzi hazina, kwa hiyo kazi inahamishwa. Muda wa kujenga kerneli ulipungua kwa asilimia 13, na R haikudhurika. Ni rekebisho dogo, na wanaliwasilisha hivyo, kama kosa lililopatikana likaondolewa.

Hapa ndipo mtafiti anapotofautiana nao. Wastani una lawama yake, lakini hata wastani usingedanganya kiasi hicho kama namba inayowekwa ndani yake ingekuwa ya mzigo. Haikuwa ya mzigo. Ile 16 ya uzi wa ujenzi haikuwahi kumaanisha kwamba uzi huo unafanya sehemu moja ya sitini na nne ya kazi ambayo uzi wa R unafanya. Nyuzi zote mbili zikikaa peke yake katika kiini zitakijaza kwa asilimia mia moja. Ile 16 ilimaanisha kwamba, ikitokea wakagombania kiini kimoja, uzi wa ujenzi unastahili sehemu ndogo. Ni stahiki. Galbraith aliisahihisha stahiki, na sehemu nyingine ya kerneli, iliyoandikwa kabla yake, ikaendelea kuisoma stahiki ileile kama mzigo. Rekebisho la kulinganisha kima cha chini linapunguza dalili kwa sababu sifuri ni sifuri katika lugha zote mbili. Halitenganishi lugha hizo.

Kerneli yenyewe imekuja kuelekea huko. Mwaka 2020, katika toleo 5.5, Vincent Guittot aliandika upya utaratibu wa kusawazisha viini, na badala ya kulinganisha namba moja ya mzigo katika kila hali, kiratibu sasa huainisha kwanza hali ya kundi la viini: lina nafasi, limejaa, au limezidiwa. Pale penye nafasi, kinachohesabiwa ni idadi ya nyuzi na ya viini vitupu, si uzito wa stahiki. Tunalichukulia hilo kuwa ushahidi unaounga mkono usomaji wetu, japo wahandisi hawakulieleza kwa maneno haya.

Jambo moja zaidi kuhusu makala hiyo. Namba iliyonukuliwa sana kutoka humo ni ya programu moja ya kisayansi iliyokwenda polepole mara 138 kwa sababu ya kosa jingine, lile linalotokea baada ya kiini kuzimwa na kuwashwa tena, ambapo nyuzi zote hubaki katika nodi moja. Kurundika nyuzi 64 katika viini vinane kunapaswa kuleta uzorotaji wa mara nane. Ziada yote inayofikisha 138 inatokana na jinsi programu ilivyoandikwa: nyuzi zake husubiriana kwa kuzunguka, zikiuliza tena na tena kama mwenzao amemaliza, huku zikila muda wa kiini ambao huyo mwenzao angeutumia kumaliza. Kwa hiyo namba hiyo ni kipimo cha kiratibu na programu kwa pamoja, na anayeitumia kukihukumu kiratibu peke yake anakionea. Kwa mifano ya kawaida makala inatoa viwango vya asilimia 13 hadi 23, na hivyo vinatosha.

Jirani wa FreeBSD

Ulinganisho mzuri zaidi unaopatikana ni wa Bouron na wenzake (2018), waliokihamisha kiratibu cha ULE cha FreeBSD hadi ndani ya Linux ili tofauti zitakazoonekana ziwe za viratibu tu. ULE hailengi usawa. Huzipima nyuzi kwa kulinganisha muda zinaofanya kazi na muda zinaolala kwa hiari, na zile zinazolala sana huhesabiwa kuwa za mazungumzo na mtumiaji, zikapata kipaumbele kisicho na mipaka juu ya nyingine.

Matokeo mawili yanatuhusu. Walipoweka hifadhidata yenye nyuzi 80 pamoja na programu ya kukokotoa ya uzi mmoja, ULE iliipa hifadhidata karibu maradufu ya kazi ambayo CFS iliweza kuipa, na ile ya kukokotoa ikakaa bila kupata chochote hadi hifadhidata ilipomaliza. Huo si upungufu wa bahati mbaya; ndiyo sera. La pili ni la kushangaza zaidi: nyuzi za programu moja zilinyimana zenyewe kwa zenyewe. Uzi mzazi, wakati unaendelea kuzaa nyuzi bila kulala, hupoteza taratibu sifa yake ya mazungumzo. Nyuzi zilizozaliwa mapema hurithi sifa njema, na zilizozaliwa baadaye hurithi mbaya. Nyuzi zinazofanya kazi ileile kabisa zinatengwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, na vitinda mimba hawali.

Katika kusawazisha viini sura inageuka. Nyuzi 512 zilizobanwa katika kiini kimoja zikiachiliwa, CFS huhamisha nyingi kati yake katika muda ulio chini ya sekunde moja lakini haifikii mgawanyo kamili. ULE, inayohamisha uzi mmoja mmoja, huchukua dakika kadhaa na kuufikia. Sababu ni kwamba ULE hupima mzigo kwa kuhesabu nyuzi tu. Namba yake ya mzigo ni ya mzigo. Waandishi wanaliona hili kuwa ni unyenyekevu wa usanifu wake. Kwetu ni uthibitisho kwamba dhana mbili zikikaa mbalimbali, hata utaratibu wa kizamani hufika.

Vikomo

Tangu toleo 3.2 la mwaka 2012 kerneli inaweza kuliwekea kundi kikomo: kiasi fulani cha muda wa kichakataji katika kila kipindi, na kipindi cha kawaida ni milisekunde 100. Huu ndio msingi wa mipaka ya kontena. Kontena lililopewa viini viwili haligawiwi viini viwili. Linapewa milisekunde 200 za kutumia katika kila milisekunde 100, popote linapotaka.

Programu ya uzi mmoja haitaumia. Tuchukue programu yenye nyuzi nyingi katika mashine ya viini vinne: nyuzi nne zikifanya kazi kwa pamoja zinamaliza milisekunde 200 ndani ya milisekunde 50, na kundi zima linasimamishwa kwa milisekunde 50 zilizobaki. Tuihamishie programu hiyohiyo, kwa kikomo kilekile, katika mashine ya viini ishirini. Nyuzi ishirini zinamaliza mgao ndani ya milisekunde 10, na kundi linasimama milisekunde 90. Uzi ulioshika kufuli wakati wa kusimamishwa unaendelea kulishika. Mashine imekuwa kubwa mara tano, na kimya kimerefuka.

Hicho ndicho kilichotokea kwetu. Mazingira ya utendaji ya Java tuliyoyatumia yalihesabu viini vya mashine nzima, si kikomo cha kontena, na kuanzisha nyuzi za kusafisha kumbukumbu kwa hesabu hiyo. Uwezo wa kukitambua kikomo ulikuja rasmi na toleo la 10 mwaka 2018. Zaidi ya hapo, mgao husambazwa kwa kila kiini kwa vipande vya milisekunde 5, na hadi toleo 5.4 la mwaka 2019 kipande ambacho hakikutumika kilikufa na kipindi chake. Kadiri viini vilivyokuwa vingi ndivyo vipande vingi vilivyokufa, na kundi likasimamishwa kabla ya kutumia haki yake yote. Ndiyo maana grafu zetu zilionyesha nafasi tupu. Grafu hazikukosea, zilitoa wastani wa dakika nzima juu ya jambo linalotokea na kwisha mara kumi kwa sekunde.

Cha kuhakikiwa hapa ni kwamba kikomo ni aina ya tatu ya namba, isiyo stahiki wala mzigo, na bado programu iliisoma vibaya kwa sababu namba pekee ambayo kerneli ilizoea kuiambia programu ni idadi ya viini. Lugha ya Go ilirekebisha usomaji huo katika toleo la 1.25, mwaka 2025. Miaka kumi na mitatu ni mingi kwa taarifa moja kusafiri kutoka kerneli hadi programu.

Nyuzi zilizojificha kwa kerneli

Wapo waliojibu wingi wa nyuzi kwa kuuondoa machoni pa kiratibu. Anderson na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba nyuzi zinazosimamiwa na programu yenyewe ni nyepesi, lakini kerneli isipoiambia programu ni lini uzi umezuiwa na ni lini kiini kimechukuliwa, pande zote mbili huamua kwa upofu. Pendekezo lao la kuunda njia ya mawasiliano lilijaribiwa na kuachwa. Solaris ilirudi katika mpango wa uzi mmoja wa programu kwa uzi mmoja wa kerneli kufikia mwaka 2002; Linux ilichagua mpango huohuo wakati maktaba ya NPTL ya Drepper na Molnar ilipoishinda ile ya IBM; FreeBSD ikafuata.

Kisha mzunguko ukaanza tena. Go, tangu 2009, na Java, kwa nyuzi pepe za toleo la 21 la mwaka 2023, zimerudisha kiratibu ndani ya programu, na matatizo ya zamani yamerudi nazo kwa utaratibu uleule. Hadi mwaka 2020 kitanzi kisichoita kazi nyingine katika Go kiliweza kushikilia kiini bila kunyang'anywa. Katika Java, uzi pepe uliosubiri ndani ya eneo la kufuli ulikuwa ukiuganda uzi wa kerneli ulioubeba, hadi toleo la 24 lilipouachilia. Wanaosifu mbinu hizi kwa uwezo wa kubeba nyuzi milioni wanasema kweli. Ila nyuzi hizo zinasubiri tu. Zikitaka kukokotoa kwa pamoja, kerneli haioni milioni, inaona chache zilizozibeba, na inazigawia kwa usawa na programu jirani yenye nyuzi mia za kweli. Aliyepunguza nyuzi zake kwa uungwana amejipunguzia stahiki.

Toleo la 6.6 la mwaka 2023 liliachana na CFS na kuchukua EEVDF, kwa kufuata nadharia ya Stoica na Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Uzi sasa unaweza kudai zamu fupi na ya haraka bila kudai sehemu kubwa zaidi, na hivyo ucheleweshaji umetenganishwa na stahiki kwa mara ya kwanza kwa namna iliyo safi. Anayegawiwa bado ni uzi, au kundi ambalo mtu mwingine ameliunda. Toleo la 6.12 la mwaka 2024 likaruhusu sera nzima ya kuratibu kupakiwa kutoka nje ya kerneli, baada ya Torvalds kuamua hivyo licha ya pingamizi la wasimamizi wa kiratibu wenyewe. Pingamizi lao, kwamba kila kampuni kubwa itajiandikia kiratibu chake na kuacha kukirekebisha cha wote, lina uzito. Lakini njia hiyo mpya inaruhusu pia jambo ambalo Anderson na wenzake walilihitaji: programu yenye nyuzi mia nne kuweza kuiambia kerneli ni zipi kati ya hizo zimeshika kufuli, zipi zinasubiri, na zipi zikicheleweshwa hakuna atakayegundua. Hadi sasa sera zilizochapishwa kwa wingi ni za michezo ya kompyuta na za seva za kampuni kubwa, na katika hizo taarifa bado inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa kiratibu kinachokisia kwenda kwa uzi usioulizwa.